Kutoka Ishara Hadi Oda: Kinachofanyika Ndani ya Programu ya Kununua na Kuuza Hisa

Ishara ya biashara ya hisa ni taarifa fupi sana: nunua hisa fulani, au iuze, kwa sababu kipimo fulani kimevuka kiwango kilichowekwa. Wastani wa bei wa siku 50 ukipanda juu ya wastani wa siku 200, wapo wanaonunua; RSI, kipimo cha kasi ya bei alichokieleza J. Welles Wilder mwaka 1978, kikishuka chini ya 30, wapo wanaoona kwamba hisa imeuzwa kupita kiasi na wakati wa kuinunua umefika. Kanuni za namna hii huandikwa kwa mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu, na kwa sababu hiyo wengi wanaoanza kujenga programu ya kununua na kuuza yenyewe huipa ishara muda wao wote, wakidhani kwamba kuipeleka oda sokoni ni amri moja tu inayokuja mwishoni. Ukweli ni kinyume chake. Kati ya ishara na hisa iliyoingia kwenye akaunti pana msururu wa mashine ambazo si zako, zinazounganishwa na mtandao unaoweza kukatika wakati wowote, na programu inapaswa kujua katika kila hatua ina hisa ngapi mkononi, ina oda ngapi ambazo bado hazijajibiwa, na ni lini iache kutuma. Programu inayoyajibu maswali hayo matatu ni imara hata kama ishara zake ni za kawaida. Isiyoyajibu ni hatari hata kama ishara zake ni bora kuliko za wote.

Tuchukue soko la Marekani, lenye madalali wengi wanaomruhusu mteja wa kawaida kuiunganisha programu yake na akaunti yake kupitia API, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuzungumza na nyingine, na ambalo mtu aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anaweza kulifikia kwa intaneti. Njia inayotumiwa na wengi ni hii: mkakati unaendeshwa kwenye jukwaa la chati kama TradingView, sharti likitimia, jukwaa linatuma ujumbe mfupi kwenye anwani ya seva ya mfanyabiashara, seva inausoma, inaukagua, inaandaa oda na kuipeleka kwa dalali, kwa mfano Interactive Brokers au Alpaca, dalali anaipeleka inakotekelezwa, na majibu yanarudi kwa dalali, kisha kwa seva. Kila kiungo katika njia hiyo kinaweza kuchelewa, kurudia au kunyamaza.

Kazi ya kwanza ya seva ni kuupokea ujumbe na kuuhifadhi kabla ya kufanya jambo lingine lolote. TradingView humsubiri mpokeaji kwa sekunde 3 tu. Seva ikichelewa kujibu kwa sababu yenyewe inamsubiri dalali, ombi linakatwa ingawa huenda oda imekwishapita. Kwa hiyo mpangilio ulio salama ni kupokea, kuandika kwenye hifadhidata, kujibu kwamba ujumbe umefika, kisha kuuacha mchakato mwingine uichukue ishara kwenye foleni na kuishughulikia kwa nafasi yake. Ujumbe ubebe neno la siri, kwa kuwa anwani ya seva iko wazi kwenye intaneti na yeyote atakayeigundua anaweza kutuma ishara za uongo; nazo funguo za API ya dalali zikae nje ya msimbo, zikiwa na ruhusa ya kununua na kuuza tu, bila ruhusa ya kutoa fedha pale dalali anapoweza kuzitenganisha ruhusa hizo.

Kabla ishara haijawa oda, ni lazima ihojiwe. Swali la kwanza ni kama mshumaa ulioizaa, yaani alama ya chati inayobeba bei za kipindi kimoja kama saa au siku, umekwishafungwa. Kipimo kinachokokotolewa wakati mshumaa wa saa moja ungali unaendelea kinaweza kuvuka kiwango dakika ya ishirini, kikarudi dakika ya thelathini na tano, na saa inapotimia chati isionyeshe dalili yoyote kwamba ishara iliwahi kutokea. Aliyenunua katikati anabaki na hisa ambazo mkakati wake mwenyewe, ukijaribiwa kwa data ya zamani, usingezinunua. Swali la pili ni umri wa ishara: ujumbe uliokwama kwenye foleni kwa dakika 40 hauna maana tena kwa mkakati wa mishumaa ya dakika 5, ilhali kwa mkakati wa siku unaweza kukubaliwa. Swali la tatu, ambalo huonekana dogo mpaka siku linapotokea, ni kama bei zinazolinganishwa ni za kitu kilekile.

Mfano ulio wazi ni wa tarehe 10 Juni 2024, siku hisa za NVIDIA zilipoanza kuuzwa baada ya kugawanywa, kila moja ikiwa kumi. Hisa iliyofunga Ijumaa iliyotangulia kwa zaidi kidogo ya dola 1,200 iliamka Jumatatu ikiuzwa kwa takriban dola 120. Hakuna mwenye hisa aliyepoteza chochote kwa mgawanyo huo, kwa sababu aliyekuwa na hisa 10 sasa alikuwa na 100 za thamani ileile. Lakini programu inayoilinganisha bei ya Jumatatu na bei za zamani ambazo hazijarekebishwa inaona anguko la asilimia 90, na ishara zake zote za kuuza zinawaka kwa pamoja. Kisha kosa la pili linajificha nyuma ya la kwanza: daftari la programu linaendelea kusema kwamba kuna hisa 10, akaunti kwa dalali inasema 100, na amri ya kuuza hisa zote inauza 10 na kuziacha 90 bila mlinzi, kwa kuwa programu sasa inaamini haina hisa hata moja. Ndiyo sababu kalenda ya migawanyo ya hisa ni sehemu ya lazima ya programu hii, na kila asubuhi kabla ya soko kufunguliwa idadi ya hisa isomwe upya kutoka kwa dalali.

Tatizo gumu kuliko yote ni ukimya. Programu imetuma oda ya kununua hisa 10, sekunde zinapita, jibu haliji, muunganisho unakatika. Huenda oda haikumfikia dalali. Huenda imefika na ingali inasubiri. Huenda imetekelezwa yote na kilichopotea njiani ni jibu peke yake. Kwa upande wa programu, hali zote tatu zinafanana kabisa. Mtu aliyewahi kutuma pesa kwa M-Pesa mtandao ukagoma anajua kwamba hatumi tena papo hapo, bali anaangalia salio kwanza. Programu iliyoandikwa kwa haraka haina busara hiyo, inarudia mpaka ijibiwe, na akaunti inaishia na hisa 20 au 30.

Dawa yake ni kila oda kupewa kitambulisho na mtumaji mwenyewe kabla haijaondoka. Itifaki ya FIX, iliyoanza mwaka 1992 kwa mawasiliano kati ya kampuni za Fidelity na Salomon Brothers na ambayo leo hutumiwa na madalali na masoko duniani kote, ina sehemu maalumu ya kitambulisho hicho, sehemu namba 11, na API za madalali wa kisasa zina kitu cha namna hiyohiyo. Alpaca, kwa mfano, akipokea oda yenye kitambulisho kilichokwishatumika, huikataa. Kinachosahaulika ni namna kitambulisho kinavyotengenezwa. Kikitokana na bahati nasibu kila programu inapotuma, oda iliyorudiwa inapata kitambulisho kipya na kinga yote inapotea. Kinapaswa kutoka kwenye ishara yenyewe, yaani jina la mkakati, jina la hisa, tarehe ya mshumaa na upande wa biashara, mathalani WASTANI50-NVDA-20240607-NUNUA. Jukwaa la chati likituma ishara ileile mara mbili, au seva ikiwaka upya na kuisoma tena foleni yake, kinachozaliwa ni kitambulisho kilekile, na dalali anajua kwamba ameshaiona oda hiyo.

Oda iandikwe kwenye hifadhidata kabla ya kutumwa, ikiwa na hali ya "inatumwa". Programu ikifa katikati na kuwashwa tena, jambo lake la kwanza ni kuzitafuta oda zote zilizobaki katika hali hiyo na kumuuliza dalali, kwa kitambulisho, zimefikia wapi. Mpaka jibu lipatikane, hakuna oda mpya ya hisa hiyo. Wapo wanaoandika kumbukumbu baada ya kutuma, kwa hoja kwamba hakuna haja ya kurekodi kitu ambacho bado hakijatokea. Hoja hiyo ni ya kupotosha, kwa sababu umeme unaokatika kati ya kutuma na kuandika unaiacha oda iliyo hai sokoni ambayo programu haijui kwamba ipo.

Hata namna ya kuiandika ishara inaweza kupunguza tatizo hili. Ishara inayosema "nunua hisa 10" ni amri, na amri ikisikika mara mbili hutekelezwa mara mbili. Ishara inayosema "akaunti iwe na hisa 10 za NVIDIA" inaeleza hali inayotakiwa, nayo programu inafanya hesabu: idadi inayotakiwa, toa hisa zilizopo, toa hisa zilizomo kwenye oda ambazo bado hazijakamilika. Jibu likiwa sifuri, hakuna cha kutuma, hata ishara irudiwe mara mia. Ninaupendelea mpangilio huu kuliko mwingine wowote, lakini kwa tahadhari moja nzito: kipande cha tatu cha hesabu, yaani oda zilizo njiani, ndicho kinachoachwa mara nyingi. Kikiachwa, programu inayotaka hisa 100 inatuma oda ya 100, inazunguka baada ya sekunde 5 na kuona kwamba akaunti bado ina sifuri, inatuma 100 nyingine, na baada ya dakika moja imeagiza hisa 1,200. Na kwa kuwa kila mzunguko unahesabiwa kuwa oda mpya, kitambulisho nacho hakitaizuia.

Ugumu unaongezeka kwa sababu oda haitekelezwi yote kwa mkupuo. Oda ya hisa 100 inaweza kupata 40 sasa hivi, 35 baada ya sekunde mbili, na 25 zilizobaki zisipate muuzaji kabisa. Kila tukio linaleta ujumbe wake, na muunganisho ukikatika na kurudi, ujumbe mwingine hutumwa mara ya pili. Programu inayojumlisha kila ujumbe inaopokea itazihesabu zile 35 mara mbili. Majibu ya FIX, pamoja na ya API nyingi, hubeba pia jumla ya hisa zilizotekelezwa tangu oda ianze. Hiyo ndiyo namba ya kuhifadhi, kwa kuwa ikipokewa mara mbili haibadilishi kitu. Programu iwe pia na orodha kamili ya hali ambazo oda inaweza kuwa nazo, yaani mpya, imetekelezwa kwa sehemu, imetekelezwa yote, inafutwa, imefutwa, imekataliwa, na ijue ni hali ipi inaweza kufuata ipi. Oda iliyokwishafutwa haiwezi kurudi kuwa mpya. Programu ikipokea taarifa ya namna hiyo, isiendelee kama kwamba hakuna lililotokea.

Hapo ndipo inapoingia oda ya kuzuia hasara, ile inayosubiri na kuuza hisa bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka. Ushauri wa kawaida, na ni ushauri mzuri, ni kwamba oda hii ikae kwa dalali na si ndani ya programu, ili seva ikizimika akaunti ibaki na ulinzi. Lakini oda inayokaa kwa dalali ni mkono wa pili unaoweza kuuza. Tuseme una hisa 100 na oda ya kuzuia hasara ya hisa hizo 100, kisha ishara ya kutoka inafika. Programu ikiuza mara moja bila kuifuta oda ya ulinzi, na bei ikashuka dakika chache baadaye, oda ya ulinzi nayo inauza, na akaunti inayoruhusu kuuza hisa za kukopa inajikuta ina hisa 100 chini ya sifuri. Utaratibu sahihi ni kuomba oda ya ulinzi ifutwe, kusubiri uthibitisho kwamba imefutwa, na ndipo kuuza. Ombi la kufuta nalo si ufutaji. Katika muda kati ya ombi na uthibitisho, oda ya ulinzi inaweza kuwa imetekelezwa yote au nusu yake, na kiasi cha kuuza kinapaswa kutokana na kile kilichobaki kweli. Madalali wengine hutoa oda zilizounganishwa, ambapo moja ikitekelezwa nyingine hufutwa na mfumo wa dalali mwenyewe, na pale zinapopatikana ni afadhali kuzitumia kuliko kuiga kazi hiyo kwa msimbo wako. Ieleweke pia kwamba oda ya kuzuia hasara huanzisha mauzo bei fulani inapoguswa, wala haiahidi kwamba mauzo yatafanyika kwa bei hiyo. Kampuni ikitangaza matokeo mabaya usiku, hisa inaweza kufunguka asubuhi mbali sana chini ya kiwango ulichoweka.

Aina ya oda ni uamuzi unaostahili kufanywa kwa makusudi. Oda ya bei ya soko inapata utekelezaji kwa bei yoyote itakayokutana nayo, na tarehe 6 Mei 2010 soko la Marekani lilionyesha maana halisi ya "bei yoyote": katika dakika chache za mchana, kielezo cha Dow Jones kilianguka karibu pointi 1,000 na kurudi, na hisa za kampuni kubwa kama Accenture ziliuzwa kwa senti 1, kwa sababu oda za kuuza ziliwakosa wanunuzi wa kweli na kukutana na bei za kujazia nafasi tu zilizokuwa mbali chini. Miamala zaidi ya 20,000 iliyofanyika kwa bei zisizo na uhalisia ilifutwa baadaye, lakini iliyopita karibu na mstari wa kufutia haikufutwa. Oda yenye bei ya kikomo inakukinga na hilo, kwa gharama ya kwamba huenda isitekelezwe. Wengi wanaojenga programu hizi huchagua njia ya kati: wananunua kwa kikomo kilichowekwa juu kidogo ya bei ya sasa ya wauzaji, ili oda ipite kama ya bei ya soko katika hali ya kawaida na isimame katika hali isiyo ya kawaida. Kikomo hicho kiandikwe kwa senti kamili kwa hisa za kuanzia dola 1, kwa kuwa bei kama 187.4533, iliyozalishwa na hesabu ya wastani, hukataliwa.

Yote haya yanaweza kuonekana kama wasiwasi wa watu wenye tahadhari kupita kiasi, mpaka mtu asome kilichoipata Knight Capital. Kampuni hiyo ya Jersey City, New Jersey, ilikuwa miongoni mwa zilizopitisha sehemu kubwa ya biashara ya hisa Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 soko la New York lilikuwa likianzisha mpango mpya wa oda za wateja wadogo, na Knight ilikuwa imeandika msimbo mpya wa kushiriki, ndani ya mfumo wake wa kusambaza oda ulioitwa SMARS. Kazi ya mfumo huo ilikuwa kuipokea oda kubwa na kuigawa katika oda ndogondogo. Msimbo mpya uliwekwa kwa awamu kwenye seva nane katika siku zilizotangulia, na fundi aliyeuweka alifikia saba. Ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, na hapakuwa na mtu wa pili aliyepewa jukumu la kuhakiki.

Ndani ya msimbo huo wa zamani kulikuwa na kazi iliyoitwa Power Peg, iliyoachwa kutumika tangu 2003 lakini haikuwahi kuondolewa. Ilipokuwa ikitumika, ilihesabu hisa zilizokwishatekelezwa na kuacha kutuma oda ndogo pindi oda kubwa ilipotimia. Mwaka 2005 hesabu hiyo ilihamishiwa sehemu nyingine ya mfumo, na hakuna aliyeijaribu tena Power Peg baada ya uhamisho huo. Kisha, mwaka 2012, alama iliyokuwa ikiiwasha ikapewa kazi mpya: kuitambulisha oda ya mpango mpya. Soko lilipofunguliwa, oda zenye alama hiyo zilipofika kwenye seva saba zilishughulikiwa ipasavyo; zilizofika kwenye seva ya nane ziliiamsha Power Peg, ambayo ilituma oda ndogo, ikatekelezwa, ikatuma nyingine, bila kujua kamwe kwamba kilichotakiwa kimekwishapatikana, kwa sababu sehemu ya kuhesabu haikuwa imeunganishwa nayo tena.

Oda zilizopitia Power Peg zilikuwa 212 tu. Katika takriban dakika 45 zilizalisha utekelezaji zaidi ya milioni 4, katika hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Knight ilijikuta na hisa za thamani ya takriban dola bilioni 3.5 ambazo haikukusudia kuzinunua, na nyingine za takriban dola bilioni 3.15 ilizokuwa imeziuza bila kuwa nazo. Kujiondoa humo kuligharimu zaidi ya dola milioni 460, ikabidi kampuni iokolewe kwa mtaji wa wawekezaji wengine, na mwaka uliofuata ikaungana na kampuni nyingine ya biashara ya hisa, Getco.

Yako mambo mawili katika tukio hilo ambayo mjenzi wa programu ndogo anapaswa kuyatazama kwa karibu. Kwanza, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikiitaja Power Peg. Hazikuwa zimeundwa kuwa kengele ya hatari, na kwa hiyo hakuna aliyezichukulia hivyo. Pili, mafundi walipokuwa wakihangaika kutafuta chanzo huku soko likiendelea, waliuondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima, wakidhani ndio wenye kasoro. Msimbo wa zamani ukarudi kwenye seva zote nane, na tatizo likaongezeka. Hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kusimamisha kila kitu kwanza na kutafuta sababu baadaye. Tume ya dhamana ya Marekani, SEC, iliitoza kampuni faini ya dola milioni 12 mwezi Oktoba 2013, kwa kukiuka kanuni ya mwaka 2010 inayowataka madalali wawe na vizuizi vya kiotomatiki kabla oda haijafika sokoni.

Kanuni hiyo inamlinda dalali na soko, na vizuizi ambavyo dalali anaviweka kwa kuitii haviwezi kujua kwamba wewe hukukusudia kununua mara tatu. Ndiyo maana programu inahitaji lango lake, lililotenganishwa kabisa na mkakati, ambalo kila oda inapita bila upendeleo. Lango linajua kiwango cha juu cha hisa kwa oda moja, thamani ya juu ya oda moja, idadi ya juu ya oda kwa dakika, thamani ya juu ya hisa zote kwa pamoja, na hasara ya siku ambayo ikifikiwa hakuna kinachopita tena mpaka mtu aamue. Mkakati wa mishumaa ya siku ambao kwa kawaida hutuma oda mbili kwa wiki hauna sababu ya kuruhusiwa oda 20 kwa dakika. Kikomo cha 3 kingeigundua ile programu ya hisa 1,200 baada ya sekunde 15. Swichi ya kusimamisha nayo itenganishwe katika maamuzi mawili: kuacha kutuma oda mpya na kuzifuta zinazosubiri, jambo linaloweza kufanywa na mashine yenyewe bila kuuliza, na kuuza hisa zilizopo, jambo ambalo mara nyingi liachiwe mtu, kwa kuwa kuuza kwa mkupuo wakati data haiaminiki kunaweza kuleta hasara kubwa kuliko kosa lililoanzisha yote.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki kuna mtego wa saa unaostahili kuangaliwa peke yake. Soko la New York hufunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni kwa saa za huko. Wamarekani husogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatusogezi. Kwa hiyo kuna miezi ambayo soko hilo kwetu hufunguliwa saa 10:30 jioni na kufungwa saa 5:00 usiku, na miezi ambayo hufunguliwa saa 11:30 jioni na kufungwa saa 6:00 usiku kamili. Katika miezi hiyo ya mwisho, soko linafungwa tarehe yetu inapobadilika. Programu inayoandika tarehe kwa saa za Nairobi itaipa ishara ya mshumaa wa Jumatatu tarehe ya Jumanne, kitambulisho kitabadilika, na kinga dhidi ya oda ya kurudiwa itafunguka bila mtu kugundua. Tarehe ya biashara iwe daima ya New York, na muda wa matukio uhifadhiwe kwa saa ya kimataifa ya UTC. Kalenda nayo izijue sikukuu za soko hilo na siku za nusu, kama siku inayofuata Thanksgiving, ambapo soko hufungwa saa 7 mchana.

Tangu tarehe 28 Mei 2024 malipo ya miamala ya hisa Marekani hukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara, badala ya mbili. Mwenye akaunti ya fedha taslimu akiuza hisa leo, akanunua nyingine kwa fedha hiyohiyo, kisha akaiuza hiyo ya pili kabla malipo ya kwanza hayajakamilika, anavunja utaratibu na dalali anaweza kumwekea vikwazo. Hesabu ya fedha iliyo tayari na ile inayosubiri malipo ni lazima iwe mbali mbali ndani ya programu.

Majaribio yafanyike kwenye akaunti ya majaribio ya dalali, huku ikifahamika inachopima na isichopima. Akaunti hiyo hujaza oda kwa urahisi usiokuwepo sokoni, haina foleni ya wanunuzi wengine mbele yako, na faida yake haina uzito kama ushahidi. Thamani yake iko kwenye makosa: ndipo mahali pa kuukata mtandao kwa makusudi sekunde ileile oda inapoondoka, kutuma ishara moja mara tano, kutuma bei yenye tarakimu nyingi ili ikataliwe, kufuta oda iliyotekelezwa nusu, kuibadilisha idadi ya hisa kwa mkono kupitia tovuti ya dalali ili kuona kama programu itagundua. Kila soko linapofungwa, programu ilinganishe daftari lake na akaunti ya dalali, hisa kwa hisa na fedha kwa fedha, na zikitofautiana hata kwa hisa moja, kesho yake isitume oda yoyote mpaka tofauti hiyo ipatiwe maelezo. Fedha halisi ije baada ya hapo, kwa hisa moja moja, na kwa fedha yako tu. Anayetaka kuendesha fedha za watu wengine kwa programu yake anaingia katika eneo linalohitaji leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, CMSA kwa Tanzania au CMA kwa Kenya. Na kabla ya hisa hiyo ya kwanza kununuliwa kuna jaribio moja ambalo lisirukwe: zima seva kwa kuchomoa waya wakati oda tatu ziko njiani, moja haijajibiwa, moja imetekelezwa nusu na moja imeombwa ifutwe, kisha iwashe tena na uiache yenyewe, bila kuigusa, itaje ina hisa ngapi.